Wapangaji wa Nyumba za Konokono

Jumatatu, 5 Agosti 2002

Hakuna mtu kati ya Magara na Kigwena anayejua chini ya ziwa hili kama mimi, Amissi. Nimetembea kule chini kama wengine wanavyotembea sokoni. Najua jiwe gani lina pango, pango gani lina mwenyewe, na mwenyewe yupi ana kisirani asubuhi.

Haya, basi. Daftari halina masikio, niseme kweli. Maji ya ziwa hayajawahi kunivuka magoti. Naoga kwa ndoo, uani, nikiwa nimeshika ukuta. Kazi yangu maisha yote ilikuwa kutengeneza karabai, zile taa za pampu ambazo ekipe za wavuvi huwasha usiku kuwaita ndagala, dagaa wetu wa hapa. Mvuvi akingoja taa yake alinidanganya. Mimi niliuchukua uongo wake, nikaupiga pasi, nikauvaa.

Sasa vita imefunga usiku. Amri ya askari: hakuna taa ziwani, hakuna mtumbwi gizani. Karabai zimelala. Wavuvi wamelala. Na mtu aliyekatazwa ziwa hutaka kusikia habari za ziwa, kama mwenye njaa anavyopenda kusikia habari za pilau. Kila alasiri wanakusanyika kwa Tahira, mjane anayeuza kahawa nyuma ya soko. Wanakaa juu ya vibidoni, madumu matupu ya plastiki. Wote, isipokuwa mmoja. Kuna kiti kimoja cha kamba, chenye mgongo, karibu na jiko. Hukikalia yule mwenye habari nzuri za ziwa kuliko wote, na kikombe chake cha kwanza ni bure. Sheria ya Tahira. Tangu ziwa lifungwe, kiti ni changu! Nimewapa gari moshi la Wadachi lililozama kwenye majabali ya kusini, ambalo hutoa moshi kila Ijumaa. Nimewapa kuhe, yule samaki mkubwa, mwenye hereni. Mgongo wangu umeshazoea kuegemea.

Leo balaa. Konvoyi ya Bujumbura, magari yanayosindikizwa na askari, imeshusha mtu. Olivier, Mukongomani wa Uvira, mlokole, kipara, tumbo la heshima. Amebeba chupa za chuma. Ndani yake hewa! Anazama nazo, anakamata samaki wadogo wazima, na tajiri wake anawauzia Wazungu wawaweke katika masanduku ya kioo sebuleni. Kuwatazama tu. Hawawali! Akauliza nani anajua chini ya ziwa hapa Rumonge. Vidole vyote vikanielekea mimi. Kirefu kuliko vyote kilikuwa cha Casimir.

Casimir ni mkamua mawese. Amekitamani kiti changu tangu siku ya kwanza. Alisema kwa sauti ya padri kwamba Mungu ni mwema, gari moshi sasa litapata shahidi. Tahira akakata shauri papo hapo: huyu bwana akizama asione ninayoyasema, kiti kinahama.

Mke wangu Asiya ameniuliza mbona nasukuma chakula. Nimemwambia nafunga. Amesema hajawahi kuona mtu anayefunga baada ya sahani ya pili.

Jumanne, 6 Agosti

Nina mpango! Majabalini simpeleki. Nampeleka mchangani, upande wa Gatete, ambako wavuvi wenyewe hawatupi wavu kwa sababu hutoka na magamba ya konokono tu. Matupu. Atazama, ataona mchanga, atachoka, atarudi Bujumbura. Gari moshi salama. Mgongo salama.

Kwanza askari wa ufukweni. Karatasi ya ruhusa ilikuwa na mihuri ya kutosha kufunga ndoa, lakini chupa zilimtia shaka. Akauliza nini iko ndani. Hewa. Akatazama juu, akatazama kushoto, akatazama kulia. "Hewa si iko hapa yote? Kwa nini munaibeba?" Olivier akafungua kidogo kumwonyesha. Ikapiga kelele kama nyoka. Askari akajitupa chini, na mimi nikajitupa juu yake. Alipoinuka alitaka kuinusa. Akainusa. Akasema haina ladha, tupite.

Mtumbwini nilishika pande zote mbili. Olivier, huku anapiga kasia, aliniuliza kama naogopa. Nikamwambia hii ni adabu, ndivyo sisi wenyeji tunavyokaa mbele ya ziwa. Tulipofika akavaa miwani ya maji, akabeba chupa mgongoni, akajiangusha kinyumenyume kama gunia la mihogo. Mapovu. Mapovu zaidi. Mimi peke yangu katikati ya maji yote yale! Nikaanza kukumbuka dhambi zangu moja moja, na nilikuwa bado ujanani aliporudi.

Akatoka anacheka! Papa Amissi, umejuaje? Papa Amissi, nimetafuta kutoka Kalemie mpaka Nyanza-Lac mahali kama hapa! Anasema kule chini iko mji mzima. Magamba ya konokono yasiyohesabika, na kila gamba lina mtu wake. Samaki, mdogo kama kidole. Konokono alikufa zamani, samaki amehamia. Nikamwambia ndiyo, hao nawajua, wapangaji. Moyoni nikasema: Ewe Mola, umeniletea mwongo mkubwa kuliko mimi.

Alasiri akayasema kwa Tahira. Watu walicheka mpaka kahawa ikawatokea puani. Casimir aliuliza nani hukusanya kodi ya nyumba. Kisha akauliza, taratibu, habari za gari moshi. Olivier akajibu leo hakufika majabalini, lakini atafika kabla ya kuondoka. Na kesho atawaletea samaki wenyewe waone.

Kiti bado changu. Lakini leo nimekaa ukingoni.

Jumatano, 7 Agosti

Ushindi! Halafu kitu kingine, ambacho sijui nikiite nini.

Mpango ulikuwa huu. Mtu akishajulikana ni mwongo, ushahidi wake juu ya gari moshi hauna uzito. Rahisi! Asubuhi Olivier alirudi na beseni lenye maji, mchanga na magamba. Akaliweka kivulini, akaenda kulala, maana kuzama kunachosha. Nikachungulia. Hakuna samaki! Magamba tu, kama yale ambayo Asiya huyaponda kuwapa kuku. Nikalibeba mpaka kwa Tahira, maji yakinimwagikia miguuni. Njooni muone mji! Njooni muwasalimie wapangaji! Wakasukumana. Casimir aliingiza pua mpaka ikalowa. Tahira akagonga gamba moja kwa kijiko cha kahawa, akabisha hodi. Kimya. "Labda wamekwenda misa," akasema.

Nikapanda juu ya kibidoni. Nikatangaza kwamba Olivier ni mtu mwema, mcha Mungu, lakini neno lake juu ya jambo lolote la majini lisipokelewe hapa Rumonge. Makofi! Tahira akanimiminia kikombe cha pili, jambo ambalo sheria haisemi.

Watu wakatawanyika mapema, maana milio ilianza kusikika milimani, juu ya barabara. Si karibu. Lakini kila mtu aliingia kwake, na milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Mimi na beseni hatukuweza kukimbia. Nikachutama nalo nyuma ya kibanda cha Tahira. Nikatulia. Maji nayo yakatulia.

Kichwa kikatoka. Kwenye gamba! Kidogo kama punje ya haragwe, macho makubwa, yakanitazama. Nikafumba macho yangu, nikafumbua. Bado yupo. Akatoka mzima, akachota mchanga kwa mdomo, akautema nje ya mlango wake. Akarudi, akachota tena. Anafagia! Milima inanguruma, yeye anafagia! Kisha akaniona vizuri. Akapanda mpaka karibu na pua yangu, kidole kizima cha hasira, akanifukuza. Mimi! Nikarudi nyuma nikakaa kwenye majivu ya Tahira.

Beseni nimelirudisha kimya kimya. Lakini kwa nini wengine hawakumwona? Kwa sababu walipiga kelele, na aliyewaita wapige kelele ni mimi. Anakula nini yule? Alizaliwa humo au alihamia? Akinenepa je, anahama au anakwama? Asiya amesema nikimuuliza swali moja zaidi atahamia yeye kwa konokono.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimemwomba Olivier nitazame kwa macho yangu. Nimemwambia nataka tu kukagua kama mambo bado yako nilivyoyaacha. Ya jana kwa Tahira alikuwa hajayasikia. Majabali ameyasahau kabisa, amelewa na mchanga wake. Akakubali: nisishuke majini, nilale kifudifudi mtumbwini, kichwa nje, miwani usoni, yeye anishike miguu. Tatizo ni sharubu. Miwani haishiki ngozi penye sharubu, maji hupenya. Ninyoe, au nipake mafuta mazito kidogo.

Kunyoa? Sharubu hizi hazikuguswa hata siku ya harusi yangu! Nikaenda kutafuta mafuta. Na mafuta mazito kuliko yote Rumonge yako kwa nani? Ndiyo hivyo. Casimir alinipokea kwa mikono miwili. Akasema paka mengi, muzee, usifanye uchoyo, paka mpaka kwenye kioo, maji yateleze. Akanijazia kikopo cha mawese ya chini ya pipa, yale mekundu yenye matope. Bure! Casimir hajawahi kumpa mtu kitu bure, hata njia. Hapo ningeshtuka.

Sikushtuka. Nikapaka. Nikainamisha kichwa majini.

Yaa Rabi! Kote moto! Maji mekundu, mchanga mwekundu, kitu chekundu chenye macho kinanijia! Nikatoa shahada humo humo, nikameza ziwa, nikainuka nikimwambia Olivier Jehanamu nimeiona na iko Gatete. Akaitazama miwani. Akacheka mpaka mtumbwi ukaingiza maji. Akaisugua kwa sabuni, kisha akanitazama chini ya pua, kisha akatoa wembe. Nikasema upande mmoja tu. Akasema, papa, maji hayajui upande. Zikaenda zote. Zilielea kidogo, halafu samaki mmoja akaja kuzionja, akazitema.

Halafu nikaona.

Hili sijui kuliandika. Darasa la tatu kwa mapadri halikufika huku. Maji ni kama hayapo. Unaona mpaka chini, kama unachungulia ua wa jirani kutoka juu ya paa. Marundo ya magamba, na kati ya rundo na rundo mchanga umefagiliwa. Majike madogo milangoni. Nje dume moja, kubwa kuwaliko mara nyingi. Haliwezi kuingia nyumba hata moja! Linazunguka rundo lake kama bwana aliyefungiwa nje na wake zake wote kwa pamoja. Ghafla likaondoka. Likaenda kwenye rundo la jirani, likauma gamba, likalikokota, likapumzika, likalikokota tena mpaka kwake. Likaiba nyumba! Na mlangoni, nimeona mimi, mke wa jirani akatoa kichwa kutazama amefikishwa wapi. Hakupiga kelele. Alitazama huku na huku. Akaanza kufagia.

Kivuli cha ndege kikapita. Wote ndani! Mji ukawa mchanga na magamba matupu, kama beseni la jana, kama mtaa wetu milio inapoanza. Nikangoja. Shingo ikaniuma. Nikangoja. Kichwa kimoja. Kisha kingine. Kisha kazi ikaendelea. Ni nani huyo anayetoka wa kwanza? Ana ujasiri, au ana njaa tu? Wengine humtuma, au humwachia? Olivier alinivuta miguu, nikampiga teke. Bado kidogo!

Ijumaa, 9 Agosti

Msikitini watu walinipisha kama mgeni. Mmoja alinikaribisha Rumonge.

Alasiri nikakaa kitini. Leo nilikuwa na habari kuliko zote nilizowahi kuwapa! Sikuongeza hata punje ya chumvi. Nikawaeleza wapangaji wanavyofagia, milango yao, dume lililofungiwa nje, nyumba iliyoibwa na mke akiwa ndani. Nilieleza kwa mikono yote miwili. Nikangoja makofi.

Kuku wa Tahira akajikuna.

Tahira aliniuliza kwa upole kama ni homa, au ni baridi ya kukosa sharubu. Mvuvi mmoja akasema, samaki wa kidole, muzee, hata mchuzi hatoshi, tupe gari moshi letu. Nikapaza sauti: gari moshi niachieni, hili ni kweli! Hapo ndipo nilipojizika. Neno hilo halijawahi kutamkwa juu ya kiti kile.

"Kumbe yale mengine hayakuwa kweli?" Casimir akauliza, laini kama mafuta yake.

Mbio kumwita Olivier. Shahidi! Mlokole! Akaja, akasimama mbele yao, akasema yote ni kweli, na mengine papa Amissi ameyasahau. Wakacheka tena. Tahira akanikumbusha, kwa huzuni kabisa, kwamba Jumatano mimi mwenyewe nilipanda juu ya kibidoni nikatangaza neno la bwana huyu la majini lisipokelewe Rumonge. Watu walipiga makofi. Limepita. Ni sheria. Olivier akageuka kunitazama. Sikujua kipara kizima kinaweza kukunja uso.

Casimir akaomba nafasi. Akawapa samaki wa Kigwena aliyemeza baiskeli ya katekista, na kila akigeuka kengele inalia. Watu walilia kwa furaha. Na mimi nikacheka, ndilo baya zaidi. Akakaa kitini. Akajinyoosha. Akaegemea. Akatoa sauti ya mtu anayeegemea.

Nimekaa kibidoni. Kina mpini. Mpini uko pale pale.

Jumamosi, 10 Agosti

Jaribio. Nimempelekea Tahira beseni peke yake asubuhi, kabla ya wateja. Nimemwomba anyamaze tu, atazame. Masikini amejitahidi. Tukachutama, yeye huku, mimi huku. Gamba likaanza kutikisika! Mandazi yakaungua. Akaruka. Basi.

Amesema ningekuwa nimetunga angeniamini, maana nikitunga natulia, lakini nikisema kweli macho yananitoka kama mtu anayeuza kitu cha wizi.

Jumapili, 11 Agosti

Mgongo. Mgongo!

Olivier anaondoka leo na konvoyi. Wapangaji wamo katika mifuko ya plastiki yenye maji na hewa, kila mmoja na gamba lake. Wao vizuizi vyote watapita bila karatasi. Nimechungulia mfuko mmoja kwa muda mrefu. Siku moja huyu atatoa kichwa aone sebule ya Mbelgiji. Atatazama huku na huku. Atafagia, nadhani. Ningependa kujua kama Mbelgiji naye atanyamaza vya kutosha kumwona.

Nimefikiri sana nimejifunza nini wiki hii. Nimejifunza kwamba kweli ni dhaifu, inahitaji msaada. Na nina mpango!

Leo nawaambia kwamba dume lile kubwa, kwa heshima ya mvi zangu, limenikokotea gamba la ukubwa wangu. Kwamba nimelala humo mchana kutwa. Kwamba majike wamenifagilia mlangoni, na mmoja ameulizia mandazi ya Tahira kwa jina. Safi kabisa! Gari moshi ni takataka mbele yake. Inahitaji shahidi tu, kidogo, wa kuisukuma.

Nikamkuta Olivier anafunga kamba za mizigo. Amenisamehe, dini yake inamlazimisha. Aliniambia yuko tayari kwenda kuapa tena kwamba niliona nilichoona. Nikamwambia hapana, kweli tuiache ipumzike, imefanya madhara ya kutosha. Akasema basi uongo hatasema. Nikasema nani amekuomba uongo? Wewe umetafuta kutoka Kalemie mpaka Nyanza-Lac, hukupata. Nani alikupeleka mchangani siku ya kwanza, kabla hujanywa hata maji ya kunywa? Nilifikiria nini nilipokupeleka si kitu cha kuulizana njiani. Mimi ndiye! Asante uliisema, lakini asante haina mgongo wa kuegemea.

Konvoyi bado haijapanga mstari, nikamwambia. Wote wako kwa Tahira sasa hivi, Casimir ametoka misa na ameshaegemea. Usiingie hata. Simama pale mlangoni, useme kwa sauti, Casimir asikie: "Amahoro, papa Amissi. Watu wa mchangani wanakusalimu." Halafu upande gari lako, uende. Hicho tu. Salamu, ndugu yangu. Tangu lini mtu akachomwa moto kwa sababu ya kupeleka salamu?